Kwa nini bendi haikupiga wimbo wa baba yako

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mwezi wa Septemba wazazi wangu walitimiza miaka 50 ya ndoa, nasi watoto tukawaandalia jubilei katika ukumbi mmoja hapa Moshi na kukodi bendi ya watu watano. Baba yangu aliishi Arusha katika ujana wake, na mpaka leo akishika redio hutafuta nyimbo za akina Kinyonga, wale ndugu wa bendi ya Simba Wanyika. Nilikwenda jukwaani mara mbili kuomba mmoja wa nyimbo hizo. Mara ya kwanza mwimbaji alitikisa kichwa huku akiendelea kuimba, mara ya pili kiongozi wa bendi alisema, "Tutaona." Wimbo haukupigwa. Baada ya nusu saa mjomba wangu alipanda na noti ya shilingi 10,000, akaomba wimbo wake, ukapigwa palepale. Nilirudi nyumbani na uchungu. Je, wanamuziki huchukizwa na watu wanaoomba nyimbo? Na mimi nilikosea wapi? (Msomaji, Pasua, Moshi)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wafikishie wazazi wako hongera zangu, kwa kuwa nusu karne ya ndoa si jambo dogo, na pole kwa uchungu ulioupata katika siku iliyopaswa kuwa ya furaha tupu. Nimepiga gitaa katika kumbi na hoteli za Arusha na Moshi kwa zaidi ya miaka 30. Nimeombwa nyimbo nisizoweza kuzihesabu, nimezikubali na kuzikataa, na yapo niliyoyafanya katika kukubali na kukataa huko ambayo leo ningeyafanya kwa namna nyingine.

Wanamuziki hawachukizwi na maombi ya nyimbo. Bendi inayopiga usiku kucha bila mtu yeyote kuja kuiomba chochote huanza kujiuliza kama kuna anayeisikiliza, na huzuni ya kupigia ukumbi wa namna hiyo ni kubwa kuliko usumbufu wa maombi kumi. Kinachotuumiza ni kitu kingine kinachopita kwa jina la ombi. Neno lenyewe lina adabu ndani yake: anayeomba anajua kwamba anaweza kupewa au kunyimwa, na akinyimwa hana deni la kudai. Lakini mtu akija akiwa amekwisha kuamua kwamba ni lazima apewe, kwa sababu ya cheo chake au kwa sababu ya noti aliyoishika, huyo ametoa amri, na mwanamuziki huisikia tofauti hiyo kabla hata jina la wimbo halijatajwa. Wewe, kwa jinsi ulivyoeleza, uliomba. Kwa hiyo sidhani kwamba bendi ile ilikuchukia. Nadhani ilishindwa, na haikuwa na ujasiri wa kukwambia kwamba imeshindwa.

Niruhusu nikueleze kinachopita katika kichwa cha kiongozi wa bendi katika zile sekunde chache ambazo wewe umesimama mbele yake ukisubiri jibu. Swali lake la kwanza ni kama wanaujua wimbo huo, na swali hilo si jepesi kama linavyoonekana, kwa sababu kuujua wimbo kuna ngazi. Kila mtu aliyekulia Kaskazini na kusikiliza redio anaweza kuziimba beti za nyimbo za akina Kinyonga akiwa anafua au anaendesha gari. Mpiga gitaa mmoja anaweza kuwa anaujua mlango wake, yaani yale mapigo ya mwanzo ya solo. Lakini watu watano kuupiga pamoja, kila mmoja akijua aingie wapi, anyamaze wapi na wote wakate wapi, hilo hupatikana kwenye mazoezi tu, na mazoezi ya wimbo mmoja wa dansi la zamani yanaweza kumaliza mchana mzima.

Nyimbo hizo zilijengwa kwa ufundi mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Wimbo wa dansi wa wakati ule kwa kawaida una sehemu mbili: ile ya kwanza ya taratibu inayobeba kisa na mashairi, kisha chemko, ambako waimbaji hupunguza maneno, magitaa huongeza kasi na wachezaji hupata nafasi ya kuonyesha walichonacho. Ukumbini wimbo mmoja ungeweza kwenda dakika kumi, na ndiyo maana katika zile santuri ndogo mara nyingi ulikatwa vipande viwili, ukalazimika kuigeuza santuri ili usikie mwisho wake. Kiitikio chake kinataka sauti mbili au tatu zilizokaa vizuri, siyo mtu mmoja na maikrofoni. Magitaa ya solo na rithimu yanazungumza na kujibizana juu ya besi, kila moja likijaza nafasi iliyoachwa na jingine, na ukiondoa moja tu wimbo unabaki na tundu linaloonekana kwa kila aliyeupenda. Mara nyingi kuna saksafoni pia. Bendi ya watu watano ya sikukuu, ambamo kinanda kimechukua nafasi ya vyombo vya kupuliza na mara nyingine hata ya besi, inapoombwa wimbo kama huo inaombwa kuwa bendi nyingine.

Na nyimbo alizozipenda baba yako zina uzito wa pekee katika mji huu wa Arusha. Ndugu watatu, Wilson, George na William Kinyonga, walianza safari yao Tanga na Jamhuri Jazz, wakahamia Arusha ambako bendi yao iliitwa Arusha Jazz, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakavuka mpaka kwenda Mombasa, ambako walikuja kujulikana kwa jina la Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao walijitenga na kuanzisha Les Wanyika. Mtu aliyekuwa kijana Arusha katika miaka hiyo anazisikia nyimbo hizo kama mali ya nyumbani iliyokwenda ugenini na kupata jina huko. Ukimpigia mtu kama huyo wimbo huo vibaya, atajua kwenye mapigo manne ya kwanza. Kiongozi wa bendi mwenye akili analijua hilo pia, na kuna kutikisa kichwa kunakotokana na heshima kwa wimbo, ingawa kwa aliyeko chini ya jukwaa kunafanana kabisa na dharau.

Swali la pili ni la ufunguo wa sauti. Waimbaji wengi wa zama zile waliimba juu sana, kwa sauti nyembamba na safi, na mwimbaji wa leo mwenye sauti nzito hawezi kufika huko bila kupiga kelele. Basi wimbo lazima ushushwe. Kwenye kinanda kushusha ni kazi ya kidole kimoja, lakini kwenye gitaa kuna mapigo yaliyotungwa kwa kutegemea nyuzi zilizo wazi, zisizobonyezwa kwa kidole, na ukibadili ufunguo mapigo hayo hayapo tena mahali pake. Mpiga solo anapaswa kuyatafuta upya, jambo ambalo hawezi kulifanya mbele ya wageni 300 huku mpishi akisubiri kuingiza ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa.

Nitakusimulia yaliyonipata, ili uone hofu iliyo nyuma ya lile "tutaona". Miaka mingi iliyopita, katika harusi moja hapa Arusha, baba wa bwana harusi alituomba wimbo wa zamani. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu, aliomba vizuri, nami nilikuwa kijana niliyependa kusifiwa, nikamjibu kwamba tutaupiga bila kuwauliza wenzangu. Mshereheshaji akatangaza kwa sauti kubwa kwamba mzee sasa anamwalika mke wake kucheza wimbo wa ujana wao. Tulifika ubeti wa pili tukapotea. Mpiga besi alikwenda upande mmoja, mimi upande mwingine, mwimbaji akarudia ubeti wa kwanza mara tatu kwa kuwa hakuwa na mwingine, na wale wazee wawili wakabaki katikati ya ukumbi wakiwa wameshikana mikono bila kujua wacheze au wakae. Aliyeaibika pale mbele ya wakwe zake hakuwa mpiga gitaa, alikuwa yule mzee. Tangu siku hiyo sijawahi kukubali wimbo ambao sina hakika nao, na ningependa kila kijana ninayemfundisha alielewe hilo bila kulazimika kupitia njia niliyoipita mimi.

Sasa nije kwa mjomba wako na noti yake, maana nadhani hapo ndipo uchungu wako ulipo. Inawezekana kabisa kwamba wimbo wake ulikuwa wa hivi karibuni, wenye mapigo machache yanayojirudia, ambao bendi huupiga kila Jumamosi, na hata angekuja mikono mitupu ungepigwa. Hilo lisikupite. Lakini sitajifanya kwamba fedha haina nguvu.

Kumtunza mwanamuziki, yaani kumpa fedha jukwaani, ni desturi yetu ya kale, na mimi siioni kuwa ni rushwa. Katika taarabu ni sehemu ya mchezo wenyewe: mtu huinuka, hucheza taratibu kuelekea jukwaani akiwa ameinua noti juu, akaikabidhi kwa mwimbaji pale panapoimbwa maneno yaliyomgusa, na ukumbi mzima huelewa kwamba maneno hayo ameyachukua kuwa yake. Mara nyingine huwa anamtumia salamu mtu aliyeketi meza ya pili, na ndipo tuzo inapokuwa silaha. Nilipokuwa kijana nilipiga kwa muda huko Tanga, na nimewaona wanawake wawili wakipokezana kutunza ubeti mmoja mpaka mwimbaji akawa hajui tena amtazame nani, kwa sababu kila akimtazama mmoja alionekana amechukua upande wake. Hata hivyo, ukiangalia vizuri utaona kwamba tuzo hiyo inakuja baada ya kusikia. Inasema: umenigusa, ahsante. Noti inayotangulia wimbo inasema jambo jingine, na mwanamuziki anayezoea kuipokea polepole huacha kuutazama ukumbi na kuanza kutazama mikono ya watu.

Kuna bendi ambazo tuzo zote huwekwa pamoja na kugawanywa mwisho wa usiku, na kuna ambazo kila mtu hubaki na alichopewa. Nimefanya kazi katika za aina zote mbili, na kwa maoni yangu huu wa pili ndio unaoharibu maombi, kwa sababu mwimbaji mwenye noti mfukoni mwake atawashinikiza wenzake wapige wimbo wa mtu mmoja hata kama wachezaji wote wataketi. Bendi iliyokodiwa kwa jubilei imekwisha kulipwa na familia. Kumpitisha mjomba mwenye 10,000 mbele ya binti wa wenye shughuli lilikuwa kosa, na ningekuwa kiongozi wao ningewaambia hivyo siku ileile baada ya kufungasha vyombo.

Wahenga walisema mwomba chumvi huombea chungu chake. Ni haki yako kuombea chungu chako, lakini bendi inapika chungu cha ukumbi mzima, na hilo ni jambo la tatu ambalo kiongozi analipima. Sherehe ina saa zake. Watu wakiwa wanakula hawataki chemko. Wakisimama kucheza hawataki wimbo wa kuwarudisha kwenye viti. Mchungaji au padri akiwa bado yuko meza kuu, kuna nyimbo za mapenzi zinazosubiri aage. Vivyo hivyo kuna wimbo wa Injili unaoombwa saa saba usiku na mtu aliyekwisha kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kutosha, akilia na kutaka tumwimbie sasa hivi. Wanamuziki wengi wa huku walianza kwaya kanisani, na ombi la namna hiyo huwaweka mahali pagumu ambapo hakuna jibu lililo sahihi. Mimi hukataa kwa upole, na nimewahi kutukanwa kwa hilo.

Uliuliza kuhusu hisia, kwa hiyo sitaacha kutaja ombi linalotujia mara nyingi kuliko yote katika hoteli za Arusha. Wageni wanaorudi kutoka Serengeti na Ngorongoro, au walioshuka Mlima Kilimanjaro, huomba nyimbo mbili: "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Mombasa, iliyotoka mwaka 1982, na "Malaika". Ule wa kwanza wamekwisha kuimbiwa na wapagazi na waongozaji kule mlimani, na wanauomba kama mtu anavyoomba kumbukumbu ya safari. Kuna wapiga muziki wanaouchukia kabisa, kwa sababu wameupiga kila jioni kwa miaka. Sikubaliani nao. Mgeni aliyeuomba leo hakuusikia jana pale ulipoupiga, na furaha yake ni mpya hata kama vidole vyangu vimechoka.

"Malaika" ni habari nyingine. Wimbo ule aliurekodi Fadhili William wa Kenya, akauimba pia Miriam Makeba wa Afrika Kusini na kuufikisha mbali, na wengi wanaouomba huudhani kuwa wimbo wa kubembelezana. Sisi tunaoelewa maneno yake tunajua kwamba ni kilio cha kijana anayempenda mtu na hana mali ya kumwoa. Nimegundua kwamba njia ya kuuimba kwa mara ya elfu bila kudanganya ni kuyasikiliza maneno hayo upya na kumkumbuka kijana mmoja halisi unayemfahamu, hapa Ngarenaro au Kaloleni, ambaye yuko katika hali hiyo leo. Ukifanya hivyo wimbo haukuchoshi, na hata mgeni asiyejua Kiswahili hunyamaza.

Maumivu makubwa zaidi ya maombi huwapata vijana watunzi. Kijana amepanda jukwaani na nyimbo zake sita alizozitunga kwa mwaka mzima, na kila anapomaliza mmoja mtu anapaza sauti kutaka wimbo wa msanii fulani wa Dar es Salaam. Hapo ombi linamwambia kwamba angekuwa mtu mwingine ingekuwa afadhali. Nimewaona wakishuka na machozi. Kwa hiyo ukimkuta mtu anayeimba vya kwake, muombe arudie wimbo wake mmoja uliokugusa. Hakuna ombi ambalo mwanamuziki atalikumbuka kwa muda mrefu zaidi ya hilo.

Pengine sehemu ya tatizo letu imetokana na redio. Wengi wetu tulilelewa na vipindi vya salamu: unanunua kadi, unaandika majina ya ndugu na jamaa, unachagua wimbo, na siku moja unasikia jina lako na wimbo wako kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo ndiyo iliyorekodi nyimbo nyingi za bendi zetu katika studio zake. Siku hizi ni simu: mtu anaufungua wimbo YouTube, anauweka sikioni mwa mpiga kinanda katikati ya chemko na kusema, "Huu hapa." Pande zote mbili wimbo uko tayari, umekamilika, unasubiri kubonyezwa. Wanamuziki jukwaani wanaufanya wimbo upya kwa mikono yao kila wanapoupiga, na ombi linalotolewa bila kulijua hilo huwa gumu hata likitamkwa kwa adabu.

Ulikosea wapi? Si sana, na nitayataja kwa sababu uliuliza. Ulikwenda kwa mwimbaji akiwa anaimba, na mwimbaji akiwa katikati ya ubeti hawezi kukusikia hata akitaka; kutikisa kichwa kwake kunaweza kuwa kulimaanisha "sisikii". Ombi hupelekwa kwa kiongozi, baina ya nyimbo au wakati wa mapumziko, na likiandikwa kwenye karatasi ni bora zaidi, kwa kuwa karatasi hukaa pale miguuni mwake mpaka nafasi ipatikane. Lakini kosa lililo kubwa, ambalo familia nyingi hulifanya, ni kuulizana na bendi kuhusu bei, usafiri na chakula, kisha kuuacha wimbo wa wazee usubiri usiku wenyewe. Siku mnapolipa malipo ya awali ndiyo siku ya kusema: baba yetu atacheza na mama yetu wimbo huu hapa. Ukiwapa wiki mbili, hata bendi ya watu watano inaweza kuutafutia njia, kumwazima mpuliza saksafoni kwa usiku mmoja, au kukwambia waziwazi kwamba hawauwezi wakupendekezee mwingine wa enzi ileile.

Na wao walikosea kwa neno moja, hilo "tutaona". Kiongozi alipaswa kukwambia, "Dada, huo hatuuwezi leo, lakini tunao mwingine ambao mzee ataujua." Ungeumia kidogo, baba yako angecheza, na usingerudi Pasua ukidhani umedharauliwa. Ninawafundisha vijana kusema sentensi hiyo kama ninavyowafundisha mapigo ya gitaa, na ninakiri kwamba mapigo huyashika upesi zaidi.

Baba yako yu hai, na Desemba inakuja, ambapo ndugu wote watapanda kurudi nyumbani na huenda mkaketi tena pamoja. Bendi nyingi za Moshi na Arusha hufanya mazoezi mchana, siku za katikati ya wiki, katika ukumbi uleule zinamopigia. Nenda sasa, mtafute kiongozi akiwa hana haraka, mwimbie mwanzo wa wimbo kadiri unavyoukumbuka, mkubaliane. Kisha, siku ya zoezi la mwisho, mchukue mzee uende naye. Mwombe akae karibu na mpiga solo, kwa sababu vijana hawa hawakuwahi kuiona Arusha Jazz na yeye labda aliiona, na akiwaambia kwamba pale wanaharakisha watamsikiliza.